Bwawa la kuogelea nyumbani: fuatilia kinachofukiwa

Mtu akiamua kujenga bwawa la kuogelea uani kwake, mazungumzo huanza na rangi ya vigae, taa za ndani ya maji na upande wa kuweka ngazi. Hayo yote yana nafasi yake, lakini yanakuja mwishoni, na yakikosewa yanarekebishika. Kigumu kurekebisha ni kile kinachofukiwa: nondo zilizolalia udongo, bomba lililozikwa bila kupimwa, kiungo cha jamvi (sakafu ya zege) na ukuta kisicho na mkanda wa kuzuia maji, maji ya ardhini ambayo hakuna aliyeyatafuta kabla ya kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kuingia. Bwawa linaloanza kuvuja mwaka wa pili kwa kawaida lilishaharibika kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa.

Ili hesabu zieleweke, tuchukue bwawa moja la kawaida kwenye kiwanja cha Dar es Salaam: urefu mita 8, upana mita 4, kina kinaanzia mita 1 na kuishia mita 1.8, limejengwa kwa zege la nondo lenye unene wa sentimita 20. Kina chake cha wastani ni mita 1.4, kwa hiyo linabeba takriban lita 45,000. Yapo pia mabwawa ya faiba yanayokuja yakiwa tayari na kushushwa kwa kreni, lakini yanahitaji njia pana ya kuingilia, na wengi hapa bado wanajenga kwa zege.

Ardhi kwanza

Dar es Salaam haina udongo wa aina moja. Kigamboni ya ufukweni, Mikocheni na Msasani Bonde la Mpunga ni mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu. Ukipanda kuelekea Goba na Madale, shida inageuka kuwa miteremko, na sehemu nyingine udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Fundi aliyejenga bwawa zuri kwa jirani yako wa mtaa wa tatu hajui bado kilichoko chini ya kiwanja chako.

Chimba shimo la majaribio lenye kina cha mita 2.5 pale pale bwawa litakapokaa, na ulichimbe mwezi wa Aprili au Mei, masika ikiwa imekolea. Lifunike vizuri mtu asije akatumbukia, kisha uangalie maji yanasimama wapi baada ya siku mbili tatu. Watu wengi hufanya kinyume: wanapima Septemba ardhi ikiwa kavu, wanafurahi, halafu masika inayofuata inawashangaza. Pima wakati wa mvua, jenga wakati wa kiangazi, yaani kuanzia Juni hadi Septemba, kabla vuli haijaanza.

Kwa nini nasisitiza maji ya ardhini? Zege la bwawa letu lina uzito wa kama tani 35. Maji ya ardhini yakipanda hadi kubaki sentimita 30 kufikia usawa wa ukingo, yanalisukuma bwawa kwenda juu kwa nguvu ya takriban tani 48. Likiwa limejaa, tani 45 za maji yaliyomo zinalikandamiza na hakuna kinachotikisika. Likiwa tupu, linafanya kama ndoo tupu uliyoizamisha kwenye beseni: linatafuta njia ya kupanda. Linapasuka, au linanyanyuka upande mmoja na kukata mabomba yote. Ndiyo maana bwawa halikaushwi wakati wa masika eti kwa ajili ya usafi, hata kama anayependekeza hivyo ana uzoefu wa miaka mingi.

Kinga yake hujengwa chini kabisa, kabla ya jamvi. Hutandazwa tabaka la kokoto, na katikati ya sakafu huwekwa valvu inayofunguka yenyewe maji ya chini yakizidi nguvu. Mimi ningeongeza kitu kingine cha bei ndogo: bomba la plastiki la milimita 110 lililosimamishwa pembeni ya bwawa, likashuka hadi kwenye hizo kokoto, likafunikwa kwa mfuniko juu. Ukitaka kukausha bwawa miaka kumi baadaye, unafungua mfuniko, unachungulia maji yako wapi, na kama yako juu unashusha pampu ndogo humo kwanza. Kuliweka wakati wa ujenzi ni kazi ya dakika chache. Kuliweka baadaye ni kubomoa.

Angalia pia majirani wa hilo shimo. Nyumba nyingi za Dar zina chemba na shimo la kunyonya maji taka, na shimo hilo linalowanisha udongo kila siku ya mwaka, mvua iwepo isiwepo. Usichimbe karibu na msingi wa ukuta wa fensi kwa umbali unaopungua kina cha shimo lako, isipokuwa mhandisi ameelekeza jinsi ya kuushikilia. Na kama kuna mwembe, kumbuka mizizi kwa upande mmoja na majani kwa upande mwingine. Pampu haipendi majani.

Karatasi zake si nyingi. Unahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri yako, michoro ya nondo iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi unayeweza kumthibitisha kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ukipanga kuchimba kisima kwa ajili ya bwawa, kibali cha maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mchoro wa mhandisi ndio ambao watu huuruka, kwa kuwa unaonekana kama gharama ya karatasi tupu. Bila huo mchoro, siku mkitofautiana na fundi kuhusu idadi ya nondo hamna pa kurejea.

Kuanzia kijiko hadi zege

Swali la kijiko ni la kujiuliza kabla hujamaliza fensi: kitapita wapi? Nyumba ikishazungushiwa ukuta na kubakiwa na geti la gari dogo, shimo litachimbwa kwa sururu na koleo, na siku mbili za kijiko zinageuka wiki mbili za vibarua. Udongo wake ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Ukihesabu nafasi ya mafundi kuzunguka kuta, unachimba kama mita za ujazo 84, na udongo ukishachimbuliwa hufumuka kwa karibu robo, kwa hiyo uani kutakuwa na mlima unaozidi mita za ujazo 100. Sehemu yake itarudi kujazia nyuma ya kuta. Iliyobaki inasombwa na tipa, na mkataba useme wazi nani analipia safari hizo na udongo unapelekwa wapi.

Hapa pia ndipo utakaposikia pendekezo la kujenga kuta kwa tofali, kwa kuwa ni nafuu. Tofali hubeba vizuri mzigo unaotoka juu, kama ilivyo kwenye nyumba. Kwenye bwawa mzigo unatoka ubavuni: likijaa, maji yanasukuma kuta nje, likiwa tupu, udongo unazisukuma ndani. Kwenye kina cha mita 1.8 kila mita ya mraba ya ukuta inasukumwa na karibu tani 1.8. Tofali zenye matundu zikipitishwa nondo na kujazwa zege kwa mchoro wa mhandisi zinaweza kufanya kazi. Tofali za kawaida na lipu juu yake, mimi siwezi kumshauri mtu.

Nondo zikishasukwa, simamisha kazi nusu siku ukague. Mara nyingi ni za milimita 10 au 12, zikiachana sentimita 15 hadi 20, lakini kipimo chako ni mchoro wako. Kitu cha kutazama kwa macho yako ni nafasi kati ya nondo na udongo. Nondo hukalishwa juu ya vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, ili zege lizifunike kwa sentimita 4 hadi 5 kila upande. Inama, pitisha vidole vyako chini ya nondo za jamvi. Vidole vitatu vilivyobebana vikipita bila kugusa chini, vizuri. Penye nondo iliyolalia ardhi patakuja kutu, kutu itavimba, zege litameguka, na madoa ya kahawia yatapenya kwenye viungio vya vigae vyako vya bluu. Karibu na bahari, penye chumvi kwenye udongo na maji, jambo hili huenda haraka zaidi.

Kuna waya mmoja unaosahaulika hapo hapo. Nondo za bwawa, ngazi ya chuma, bodi ya pampu na kila chuma kilicho karibu na maji vinapaswa kuunganishwa pamoja kwa waya wa erthi, ili umeme ukivuja mahali popote mwogeleaji asiwe katikati ya vyuma viwili vyenye nguvu tofauti. Nondo zikishafunikwa nafasi ya kuziunganisha imepita. Fundi umeme aitwe siku ya nondo, asisubiri siku ya taa. Taa zenyewe ziwe za volti 12, na saketi yote ya bwawa ipite kwenye kikata umeme kinachojizima umeme ukivuja hadi miliampia 30.

Mabomba nayo yapimwe kabla hayajafunikwa. Yanajazwa maji, yanazibwa pande zote, inafungwa geji, yanapandishwa presha hadi baa 2 hivi na kuachwa usiku kucha. Asubuhi mshale uwe pale pale. Kisha geji isifunguliwe: ibaki imefungwa wakati wa kumwaga zege, kwa sababu kibarua akikanyaga bomba likapasuka, mshale unashuka papo hapo na bomba linabadilishwa zege likiwa bado bichi.

Siku ya zege ndiyo siku ya kuomba ruhusa kazini. Bwawa letu linakula mita za ujazo 14 hadi 15, karibu mifuko 100 ya saruji, na jamvi lote linapaswa kumwagwa kwa mkupuo mmoja. Saa nane mchana jua likiwa kali, mikono imechoka na zege limeanza kuwa zito, mtu atachukua ndoo ya maji amwagie kwenye mashine ili liteleze. Hiyo ndoo ndiyo uliyoendea kuizuia. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu vidogo vidogo ndani ya zege, na bwawa lenye vitundu huvuja hata lipakwe dawa gani. Ukiweza kumudu zege la kiwandani linaloletwa na lori, chukua. Ukichanganyia uani, hakikisha kuna vaibreta (mashine za kutikisa zege lishikamane) mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ya akiba, maana ikiharibika katikati ya ukuta huna la kufanya.

Kuta humwagwa baada ya jamvi, na pale zinapokutana ndipo maji hupenda kutorokea. Kabla jamvi halijagandamana, hukitwa mkanda wa plastiki ya kuzuia maji kuzunguka bwawa zima, nusu yake ikiwa ndani ya jamvi, nusu ikisubiri ukuta. Uulizie kwa jina na uuone ukiwekwa. Vivyo hivyo kila bomba, taa na kisanduku cha kufyonza uchafu wa juu kinapopenya ukuta: hizo ndizo sehemu nyingine zinazovuja, kuliko katikati ya ukuta wenyewe.

Baada ya hapo kazi ni kumwagilia. Siku saba kwa uchache, asubuhi, mchana na jioni, kuta zikiwa zimefunikwa magunia mabichi au plastiki. Zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu iliyohesabiwa. Katika muda huo uani kutaonekana kumelala na wewe utajisikia umetelekezwa. Subira hiyo ni sehemu ya ujenzi. Bwawa la ukubwa huu likienda vizuri huchukua kama miezi mitatu, na anayekuahidi wiki nne anakuambia kuwa ataruka kitu.

Mfyonzo wa sakafuni

Matundu ya sakafuni yanayofyonza maji kwenda kwenye pampu yawe mawili, yakiachana kama mita moja, yote yakiwa kwenye bomba moja. Tundu likiwa moja, mwili wa mtoto au nywele zikiliziba, pampu inamng'ang'ania kwa nguvu zake zote. Marekani ilitunga sheria mwaka 2007 yenye jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7 aliyefariki mwaka 2002 baada ya kunaswa na mfyonzo wa namna hiyo kwenye beseni la maji moto. Sheria hiyo ilifanya mifuniko isiyonasa mtu kuwa ya lazima. Hapa kwetu mwambie fundi wako akuonyeshe mifuniko hiyo na matundu yote mawili kwenye mchoro, maana tundu la pili likishakosekana kwenye jamvi halitachimbwa tena.

Pampu nayo isizidi mahitaji. Lita 45,000 zikizungushwa kwa saa sita, unahitaji mita za ujazo 7.5 kwa saa, na pampu ya kilowati 0.75 yenye chujio la mchanga linalolingana nayo inatosha. Ikifanya kazi saa nane kwa siku inakula uniti 6, sawa na uniti 180 kwa mwezi. Kama nyumba yako ilikuwa kwenye kundi la TANESCO la watumiaji wadogo lisilozidi uniti 75, utavuka kiwango hicho mwezi wa kwanza tu, na gharama yako ya LUKU itapanda.

Jaza kabla ya kubandika

Hatua inayorukwa kuliko zote ni kulijaza bwawa likiwa bado zege tupu. Litajazwa, zege litakunywa maji siku mbili tatu za mwanzo, kisha unahesabu siku saba. Jua la Dar peke yake linaweza kuondoa milimita 5 kwa siku, kwa hiyo kushuka kidogo hakumaanishi linavuja. Namna ya kutofautisha ni rahisi: weka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, usawa wa maji ndani ya ndoo ulingane na wa nje, zima pampu, chora alama pande zote mbili. Baada ya saa 24, ndoo imepungua kwa jua tu. Bwawa likiwa limepungua zaidi ya ndoo, tofauti hiyo ndiyo uvujaji, na kila sentimita moja ni lita 320.

Fundi atalalamika kuwa ni kupoteza maji, na ni kweli maji ni ghali. Lakini hayo maji unaweza kuyarudisha kwenye tenki ukayatumia kwa lipu na bustani. Kutafuta ufa chini ya vigae vilivyokwisha kubandikwa ni ghali mara nyingi zaidi.

Maji yenyewe yapime kabla. Boza la lita 10,000 litakuja mara tano. Kisima kinavutia zaidi, ila vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi inayokula vyuma vya pampu, na vingine vina chuma kilichoyeyuka ambacho hukioni. Teka ndoo moja ya maji hayo meupe, tia robo kijiko cha klorini ya unga, koroga, subiri. Yakigeuka kahawia mbele ya macho yako, ndivyo bwawa lote litakavyogeuka siku utakayolitia dawa, na vigae vitashika madoa. Hapo utahitaji chujio la kuondoa chuma, au ununue maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji.

Baada ya sherehe ya kwanza ya kuogelea kunakuja kazi ya kila wiki. Klorini ibaki kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji) kati ya 7.2 na 7.6; pH ikipanda hadi 8 klorini hupoteza sehemu kubwa ya makali yake hata ukiongeza. Jua nalo huila klorini isiyo na kinga kwa saa chache, ndiyo maana dawa hutiwa jioni. Klorini ya unga na ile ya vidonge zisichanganywe kamwe, hata kwa kutumia kopo moja, kwani huweza kulipuka. Mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi inapunguza kubeba dawa, lakini bado ni bwawa la klorini na pH yake bado inapimwa. Maji ya kusafishia chujio, lita 300 hadi 500 kila mara, yasielekezwe kwenye chemba ya choo wala barabarani. Na bwawa likiachwa bila dawa msimu mmoja tu linazalisha mbu, kwenye jiji lililokwisha kupata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019.

Uzio wa bwawa lenyewe, kando na fensi ya nyumba, ndio kitu cha kwanza kukatwa bajeti ikibana. Naomba usiukate. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Uzio uwe na kimo kisichopungua mita 1.2, usio na mahali pa kukanyagia, na geti lijifunge lenyewe likiachiwa. Mtoto wa miaka miwili hupotea machoni kwa muda wa kupokea simu, na hapigi kelele akizama.

Kuhusu malipo, usilipe kwa wiki wala kwa ombi la fundi. Lipa kwa hatua, na hatua ziwe zile zile za kufukia: shimo na kokoto, nondo na erthi baada ya mhandisi kusaini, mabomba baada ya geji kusimama, zege baada ya kumwagiliwa, kisha kipimo cha siku saba. Piga picha za kila hatua ukiweka futi kamba ndani ya picha, uzitunze pamoja na mchoro wa mabomba yalivyopita, maana atakayechimba huko baadaye atauhitaji. Asilimia 10 ya mwisho ibaki mkononi mwako kwa kipindi cha matazamio, yaani muda ambao fundi anawajibika kurudi kurekebisha kasoro, na kipindi hicho kiandikwe kwenye mkataba kwamba kinaisha Juni, masika moja kamili ikiwa imepita juu ya hilo bwawa.